Hapa wapi?

“Wewe unaangalia wapi?” Mzee aliniuliza kwenye simu. Ilikuwa saa nne kasoro usiku, yeye amesimama dukani Tanga, geti la chuma limefunguliwa nusu.

“Naangalia hapa, Mzee.”

“Hapa wapi?”

Mimi nilikuwa Muheza, barazani kwa wakwe zangu. Kesho yake ilikuwa arobaini ya babu, uani wanawake wanachambua mchele, na mimi mkamwana mzima nimejitenga na laptopu mapajani kana kwamba mchele haunihusu. Simu ya mume wangu ilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana pale ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Swali la Mzee sikuwa na jibu lake. Lilinikera, kusema kweli. Mtu akisema hapa, si ni hapa?

Nirudi nyuma kidogo.

Natunza mfumo wa kompyuta wa maduka matatu ya dawa ya familia ya Mzee: Tanga mjini, Muheza na Korogwe. Hifadhidata, yaani daftari la kompyuta lenye mauzo yote, ni moja, inaendeshwa na programu ya MySQL, na iko kwenye seva ya kukodi Ujerumani. Ndiyo, panadol inauzwa Ngamiani na hesabu yake inapungua Ujerumani. Nilipokabidhiwa kazi hii nilikuta mtangulizi wangu ameiacha hifadhidata wazi: poti 3306, yaani mlango wenye namba wa MySQL, inasikiliza dunia nzima, na kuna mtumiaji mmoja aliyeruhusiwa kuingia kutoka popote. MySQL huiandika hiyo popote kwa alama ya asilimia, alama ndogo sana kwa balaa lake.

Nikafungua kumbukumbu za seva. Wasiojulikana walikuwa wanagonga usiku na mchana. Si kwamba wanamjua Mzee wala duka lake. Ni programu zinazotembea anwani kwa anwani zikijaribu vitasa. Januari 2017 watu wa aina hiyo walizipitia hifadhidata za MongoDB zilizokuwa hazina hata neno la siri, wakazifuta kwa maelfu na kuacha humo ujumbe wa kudai bitcoin. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya MySQL. Nikamwambia Mzee: mbele tumeweka geti na mlinzi, nyuma stoo haina mlango. Nikaongeza kwamba majina ya wagonjwa na dawa wanazotumia yamo mle, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Hilo la stoo ndilo lililomwingia.

Dawa yenyewe ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio la MySQL:

`bind-address = 127.0.0.1`

Ukiwasha upya, hifadhidata inaacha kusikiliza dunia. Inamsikiliza tu aliyemo ndani ya seva. Wageni wakaacha kupata cha kugonga, ila na maduka yangu matatu nayo yakabaki nje. Kuwaingiza hao bila kuwaingiza wale ndiyo kazi ya handaki la SSH, programu ya kuongea na kompyuta ya mbali kwa siri.

SSH ilizaliwa Finland mwaka 1995. Mtandao wa chuo kikuu kimoja cha Helsinki ulikuwa umedukuliwa na maneno ya siri ya watu kunaswa yakipita njiani, kwa sababu enzi hizo telnet, njia ya zamani ya kuingia kompyuta ya mbali, iliyapitisha yakiwa uchi. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akaandika programu ya kuyafunika. Akaomba apewe poti 22, iliyokuwa tupu katikati ya 21 ya FTP, ile ya kuhamisha mafaili, na 23 ya telnet, akapewa bila kuzungushwa. Ninapokumbuka nilivyozungushwa kupata namba ya mlipakodi namwonea wivu. Hii tunayotumia wengi leo, OpenSSH, ililetwa na watu wa mfumo wa uendeshaji wa OpenBSD mwaka 1999.

Sasa amri yenyewe, ile ambayo watu hunitumia picha yake wakiuliza inasomwaje:

`ssh -N -L 3307:127.0.0.1:3306 fundi@seva`

Shida yake ni kwamba inasemwa na watu wawili, lakini imeandikwa kama sentensi ya mtu mmoja. 3307 nasema mimi: hapa nilipo, kwenye laptopu yangu, nifungulie mlango wenye namba hiyo. Baada ya nukta mbili kinywa kinabadilika. 127.0.0.1:3306 inasemwa na seva: hapa nilipo mimi, Ujerumani, gonga 3306. Namba 127.0.0.1 kwa kila kompyuta ina maana moja tu, “mimi mwenyewe”, na mimi wa kila mtu ni tofauti. Hiyo -N inamaanisha sitaki kuandika amri zozote kule, nataka njia tu.

Yote yatakayopita mlango wa 3307 yanafungwa kwa maandishi ya siri, yanapita ndani ya muunganiko wa SSH, na kufunguliwa yakishafika. Anayechungulia katikati, awe kampuni ya simu au kijana mjuaji kwenye mtandao wa hoteli, anaona tu kwamba naongea na poti 22 ya seva fulani.

Na hifadhidata, kwa upande wake, haijui kama mimi niko Muheza. Inaona mtu anayetoka humo humo ndani ya seva, kama mgeni aliyepitia mlango wa uani na sasa yuko jikoni anaomba chumvi. Kwa hiyo usimpe kila mtu jina moja la kuingilia kwa sababu tu “wote wanapita handakini”. Ukifanya hivyo, siku ya kutafuta nani alifuta nini utaambiwa na kumbukumbu kwamba ni mtu wa nyumbani.

Haya, turudi barazani.

Usiku ule nilitaka kuandaa hesabu ya mwisho wa mwezi. Nilifungua handaki, likakubali. Kisha nikaandika:

`mysql -h localhost -P 3307 -u ripoti -p`

Ikaniuliza neno la siri, nikaandika, nikaingia. Nikaomba mauzo ya mwisho yaliyorekodiwa. Ikaniletea risiti ya wiki tatu nyuma. Nikaomba tena. Wiki tatu nyuma. Niliona baridi tumboni. Nikampigia mhasibu, “Dada, kuna wiki tatu za mauzo hazipo,” naye hakuniuliza mara mbili, akampigia Mzee, na Mzee, mtu wa miaka sabini na ushei, akapanda bodaboda usiku kwenda kufungua duka akaangalie kwa macho yake.

Wakati wako njiani mimi sikukaa bure. Nilikuwa na nakala rudufu ya usiku uliopita na skripti ya kurejesha niliyoiandika mwenyewe: inafuta majedwali yote na kuyajaza upya kutoka kwenye nakala. Amri ya kuiendesha nilikuwa nimeshaiandika kwenye skrini. Imebaki kubonyeza tu. Ndipo simu ikaita.

“Mwanangu, mauzo yapo. Hata ya jioni hii yapo, nayaona kwenye kompyuta ya kaunta. Wewe unaangalia wapi?”

Baada ya ile “hapa wapi” yake nilikaa kimya kidogo, halafu nikaandika:

`select @@hostname;`

Ikajibu jina la laptopu yangu.

Ubaya ulianzia kwenye neno localhost. Wengi tunalichukulia ni sawasawa na 127.0.0.1, na mara nyingi ni kweli. Lakini ile programu ya mysql niliyokuwa nayo kwenye Linux, ikiona localhost, haipiti kwenye mtandao kabisa. Inaingia kwa soketi, faili maalumu lililomo ndani ya mashine hiyo hiyo, na ile namba ya poti uliyoiandika inaipuuza bila hata kukohoa. Kwenye laptopu yangu kulikuwa na MySQL ya majaribio, ina nakala ya data ya wiki tatu nyuma, na aibu yangu ni kwamba jina la mtumiaji na neno la siri vilikuwa vile vile vya kwenye seva. Kama vingetofautiana ningekataliwa mlangoni na Mzee angelala.

Kiswahili kinayo tofauti hii tangu darasa la nne na mimi sikuitumia. Hapa, huku, humu. 127.0.0.1 ni hapa: mahali, penye milango yenye namba, na mlango wa 3307 ulikuwa unaelekea Ujerumani. localhost kwa MySQL ni humu: ndani, hakuna mlango, hakuna kwenda popote. Mimi nilidhani niko hapa kumbe nimo humu.

Lakini kilichoninyima usingizi si hicho. Ile skripti ya kurejesha nilikuwa nimeiandika siku nyingine, kwa akili nyingine, na ndani yake niliweka 127.0.0.1, poti 3307. Yaani macho yangu yalikuwa kwenye laptopu, mkono wangu ungekuwa Ujerumani. Ningebonyeza, ingepita handakini vizuri kabisa, ikafuta majedwali halisi na kurudisha ya jana. Mauzo ya siku nzima ya maduka matatu yangepotea kweli, kwa mkono wa mtu aliyekuwa anayaokoa, na ningeangalia tena upande wangu nikaona bado ni wiki tatu nyuma, na pengine ningebonyeza mara ya pili.

Niliifunga laptopu nikaenda kuchambua mchele.

Siku hizi siandiki localhost popote. Naandika 127.0.0.1, na nikiwa na wasiwasi naongeza `--protocol=TCP`, inayoilazimisha ipite mtandaoni. Hifadhidata ya majaribio ina jina lake na neno lake la siri. Skripti yoyote yenye kufuta inauliza kwanza jina la mashine na kunitaka nilichape kwa mkono, herufi kwa herufi. Inaudhi. Iudhi tu.

Ukishazoea kuuliza “nani anasema hapa”, hata makosa ya SSH yanaanza kusomeka. Ukiona `bind: Address already in use`, anayelalamika ni kompyuta yako: mlango wa 3307 umeshachukuliwa, na mara nyingi ni handaki lako mwenyewe la jana ulilolisahau nyuma. Ukiona `open failed: connect failed: Connection refused`, hiyo ni sauti ya kule: SSH imefika salama, imegonga 3306, hakuna aliyeitikia, MySQL imelala. Kumbuka hili la pili halitokei unapofungua handaki. Handaki hufunguka vizuri hata kama mwisho wake ni ukuta. Utajua siku ya kulipita. Na ukiona `administratively prohibited`, basi seva imekuelewa na imekataa, kamuulize mwenye seva alichoandika kwenye `AllowTcpForwarding`.

Korogwe ilinifundisha upande wa pili.

Kule kuna kompyuta ya kaunta na ruta ya 4G. Printa ya risiti ikigoma wananiita, na sikutaka kupanda basi kila printa inaponuna. Lakini ruta ya namna ile haina anwani yake duniani. Ukiangalia anwani iliyopewa unakuta inaangukia kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni zinazowapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama nyumba ya wapangaji yenye simu moja kwa mwenye nyumba: wao wanaweza kupiga nje, wewe huwezi kumpigia mpangaji wa chumba cha tatu. Basi acha mpangaji apige:

`ssh -N -R 2222:127.0.0.1:22 korogwe@seva`

Isome kwa vinywa viwili kama ile ya kwanza, ila vimebadilishana. 2222 ni mlango unaofunguka kule kwenye seva. 127.0.0.1:22 inasemwa na Korogwe: hapa kwangu. Mimi nikiwa Tanga napita hivi:

`ssh -J fundi@seva -p 2222 fundi@127.0.0.1`

Ile 127.0.0.1 ya mwisho si yangu mimi ninayeandika. Ni ya seva ninayoirukia. Hiyo -J ilikuja mwaka 2016 na imenipunguzia maandishi mengi ya mzunguko.

Siku moja umeme ulikatika Korogwe, ukarudi baada ya dakika tano. Kompyuta ikawaka, intaneti ikarudi, handaki halikurudi. Nilikuwa nimeipanga systemd, msimamizi wa programu kwenye Linux, ijaribu upya kila sekunde 10, na nimeweka `ExitOnForwardFailure yes` ili likishindwa kupata mlango life kabisa kuliko kujifanya hai. Likawa linajaribu, linakufa, linajaribu, linakufa. Printa nayo imenuna. Baada ya saa mbili na dakika kadhaa likashika lenyewe, sikuwa nimegusa kitu.

Nilipochimba nikakuta kosa liko kwenye seva. Umeme ulipokatika Korogwe haikuaga. Seva ikabaki na simu sikioni, inamsubiri mtu aliyekwishaondoka, na mlango wa 2222 bado umeshikwa kwa jina lake. Linux, isipoambiwa vingine, husubiri sekunde 7200 ndipo iulize “bado upo?”, kisha huuliza mara 9 kila baada ya sekunde 75. Piga hesabu: saa 2 na dakika 11. Nikaandika kwenye mipangilio ya sshd, yaani SSH ya upande wa seva:

`ClientAliveInterval 30`
`ClientAliveCountMax 3`

Sasa ikiita mara tatu bila kuitikiwa inakata simu, na baada ya dakika mbili hivi handaki linarudi. Upande wa maduka nimeweka `ServerAliveInterval 30`, ambayo pia inazuia mitandao ya simu isilisahau handaki lililokaa kimya saa za mchana wauzaji wanapokula.

Kuna wasichodhani watu: handaki si barabara mpya. Ni bomba ndani ya barabara ile ile. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hakuna `ServerAliveInterval` iliyonisaidia. Wauzaji walirudi kwenye daftari, na nilimaliza wiki nikiingiza mwandiko wa watu wa Korogwe kwenye kompyuta. Mwandiko wa kwenye duka la dawa, nao, ni somo la siku nyingine.

Limebaki la mhasibu. Yeye anatumia Windows, na kwa bahati Windows 10 tangu mwaka 2018 inakuja na ssh ndani yake, kwa hiyo sikuhitaji kumpakulia kitu. Nilimtengenezea ufunguo wa SSH wa aina ya ed25519 wenye neno la kuufungua, na kule kwenye seva, mbele ya ufunguo wake, nikaandika:

`restrict,port-forwarding,permitopen="127.0.0.1:3306"`

Maana yake: huyu anyimwe kila kitu, isipokuwa kupita kwenda mlango ule mmoja. Akaunti yake haina shell, ni nologin, yaani hawezi kuandika amri kule, na ndani ya MySQL anaruhusiwa kusoma tu. Nilidhani atanuna. Akasema, “Afadhali mdogo wangu, kikiharibika kitu sitasingiziwa mimi.”

Mara ya kwanza alipounganisha, SSH ilimwonyesha alama ya utambulisho ya seva na kumuuliza kama anaitambua. Wengi wetu hapo huandika yes kama mtu anayekubali masharti ya benki. Nilikuwa nimeipokea alama hiyo kutoka kwenye seva yenyewe, nikamwambia nitamsomea herufi chache za mwanzo, zinatosha. Alikataa. Yeye namba ya hundi huisoma yote. Tukasoma herufi zote 43 kwenye simu, kubwa na ndogo, “H kubwa”, “ndiyo”, “q ndogo”, “ndiyo”, na kama kuna aliyetusikia pale ofisini kwake alidhani tunafundishana alfabeti.

Amri nzima nimeiweka kwenye faili juu ya desktopu yake, anabonyeza mara mbili, dirisha jeusi linafunguka na analiacha hapo mpaka jioni. Jina la faili alilibadilisha mwenyewe bila kuniambia. Nililijua Jumatatu moja aliponipigia, hata salamu hakunipa:

“Mdogo wangu, Ujerumani haifunguki.”

Nikamuuliza kwanza kama ana bando.